Dokta, jino linaweza kunikata pumzi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mkimbiaji, miaka 24, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, najiandaa na mbio za kilomita 21. Gego la chini limetoboka tangu mwezi wa tatu, usiku linavuta mpaka sikioni, asubuhi nameza daiklofenaki ya kutuliza maumivu natoka kukimbia. Kocha anasema spidi imeshuka sababu ya jino, wenzangu wanacheka eti jino na miguu wapi na wapi. Na msuli wa paja unakaza, nao ni jino?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Waache wacheke, kocha wako hajakosea sana. Olimpiki ya London 2012 walipimwa wanamichezo 302 waliofika kliniki ya meno pale kwenye kijiji cha wanamichezo, 55 kati ya kila 100 walikuwa na meno yaliyotoboka, na 18 kati ya 100 wakakiri wenyewe kwamba kinywa kinawaharibia mazoezi au mashindano. Hao ni wa Olimpiki, sembuse wewe.

Jino halikamati mguu moja kwa moja lakini. Hebu jiulize jana umelala saa ngapi, maana mtu aliyekesha kashika shavu huyo kesho yake kilomita 10 tu anaziona 20, halafu ugali unatafunia upande mmoja, nyama unaiacha, unajikuta unakimbia na uji tu. Likishatunga usaha ndo kabisa, mwili unapigana na wadudu huku na wewe unaudai spidi. Ukiwa na homa au shavu limevimba usikimbie, na uvimbe ukishuka shingoni au ukashindwa kumeza, hiyo ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Hiyo daiklofenaki ndo imenitisha kuliko jino. Jua la Dodoma, jasho linakutoka, maji hujanywa ya kutosha, halafu kidonge juu yake, figo zinaumia bana! Acha. Na usije ukahamia amoksilini ya dukani, hiyo ni ya kuua wadudu, tundu haizibi.

Wakimbiaji mnatoboka meno sana kwa sababu mnahemea mdomo, mate yanakauka na mate ndo mlinzi wa meno, sasa kwenye ukavu huo mnanyonya glukosi na enaji kidogokidogo njia nzima. Kunywa kwa mkupuo, sukutua na maji, mswaki subiri kama nusu saa.

Ya msuli wa paja usilisingizie jino, huo mwonyeshe kocha pamoja na mazoezi unayopiga.

Jino linalouma lenyewe usiku mara nyingi limefika kwenye neva, kuziba tu hakutoshi, watakusafishia mzizi (ruti kanali) au waling'oe. Na hayo ya kwamba gego likitoka jicho linapofuka ni maneno ya kijiweni. Ila wakiling'oa mbio uzipumzishe siku mbili tatu, usije ukaanza kutema damu ukiwa katikati ya Chang'ombe.