Mdogo wako amekula hasara, wewe umetapeliwa

SWALI: Asalaam alaykum. Nauza vitenge hapa Ngamiani, Tanga. Miezi miwili iliyopita niliingia kwenye programu ya simu ya sarafu za kidijitali inayolipa asilimia 2 kila siku. Niliweka shilingi 600,000, na wiki ya kwanza nikatoa 40,000 bila shida, ndipo nikawaingiza wenzangu wawili wa mchezo. Sasa salio linasoma milioni 1.9, lakini nikitaka kutoa naambiwa nitangulize kodi ya 190,000. Mdogo wangu naye alinunua tokeni, aina ya sarafu ya kidijitali, kwenye soko la mtandaoni, imeshuka hadi robo ya bei aliyonunulia. Je, sote tumetapeliwa?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza kabisa, usiilipe hiyo 190,000. Ukiilipa watakuja na ada nyingine, kisha nyingine, na hela hutaiona.

Ukubwa wa hasara hauwezi kukuambia kama umeibiwa. Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya 17,000. Aliyenunua kileleni alipoteza zaidi ya robo tatu ya fedha zake, na hakuna aliyemwibia. Sarafu zilikuwa bado zake, na angeweza kuziuza usiku wa manane kwa bei iliyopo sokoni. Watu wa Tanga hili tunalijua kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, kisha kamba za nailoni zikavunja bei na wenye mashamba wakaumia. Lakini mkonge ulikuwapo shambani, ukiuona.

Kwenye programu yako, shamba liko wapi? Piga hesabu. Asilimia 2 kwa siku, faida ikizaa faida, ingeifanya 600,000 yako kuwa zaidi ya milioni 800 kwa mwaka mmoja. Hakuna biashara halali inayokuahidi hivyo. Uliyolipwa ni fedha yako mwenyewe au ya aliyeingia baada yako. Ile 40,000 ilikuwa chambo, na imefanya kazi yake: ulileta watu wawili. Naomba ulishike hili, maana wengi huniambia "mbona nilitoa nikapata?" kana kwamba huo ni ushahidi.

OneCoin ilikwenda hivyohivyo. Ilianza 2014 ikijiita sarafu, lakini haikuwa na blokicheni ya kweli, yaani daftari la wazi la miamala ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua. Bei waliipanga wenyewe ofisini. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Greenwood alifungwa miaka 20 huko Marekani mwaka 2023. Watu waliona salio likipanda mpaka siku ya mwisho, kama unavyoliona lako.

Kuhusu kodi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na kodi ya zuio hukatwa ndani ya malipo yenyewe. Hutangulizi fedha mfukoni mwako ili uruhusiwe kuchukua chako.

Mdogo wako ni habari nyingine, ingawa simpi uhakika wote. Auze kidogo leo. Ikiuzika na hela ikamfikia, basi alinunua kitu kibovu kwa bei mbaya, na uamuzi wa kusubiri au kutoka ni wake. Mfumo ukikubali kununua tu na kukataa kuuza, naye kapigwa. Aangalie pia kwenye daftari la wazi ni pochi ngapi, yaani akaunti za kutunzia sarafu, zinashikilia tokeni hiyo. Pochi mbili tatu zikiwa na sehemu kubwa, wenyewe wanaweza kuimwaga sokoni siku yoyote.

Wewe piga picha za salio, meseji na namba ulizotumia fedha, upige simu huduma kwa wateja ya mtandao wako, kisha uende polisi. Atakayekuja kukwambia anaweza kuirudisha hela yako kwa ada ndogo, mkatae. Mara nyingi ni walewale.

Na wale wenzako wa mchezo waambie leo kabla ya magharibi, hata kama unaona haya. Huenda nao wameshaombwa kodi, na bado hawajatuma.