Kabla hujapanda pingili, iache ikauke

Anayeanza kuotesha mimea ya ukame huwa na hofu moja, kwamba mmea utakufa kwa kiu. Hapa Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, hofu hiyo inaeleweka. Lakini karibu kila mche mgonjwa ninaoletewa kitaluni nikiubonyeza shina linabonyea. Umeoza, na uozo umeanzia chini ulikokatwa.

Kwa hiyo naanza na kidonda. Ukikata pingili ya waridi la jangwani (Adenium), ule mti mfupi wa shina nene, usiipande siku hiyo. Tumia kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kisha iweke pingili kivulini, mahali penye hewa, siku tano hadi saba, mpaka palipokatwa pawe pagumu na pakavu. Pingili nene hungoja zaidi, hata wiki mbili. Ina maji yake ndani, haitakufa. Ukiifukia ikiwa mbichi unawakaribisha ukungu na bakteria waingie moja kwa moja. Ukishaipanda, kaa siku chache bila kumwagilia.

Udongo nao uwe wa kupitisha maji upesi. Mimi nachukua mchanga wa chenga kubwa wa korongoni, vipande vidogo vya tofali la kuchoma, mkaa uliopondwa na samadi kidogo sana iliyooza vizuri. Mwaga maji juu: yakituama, ongeza chenga. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Na hakikisha chungu kina tundu chini, hata kama muuzaji anakwambia si lazima.

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu inayogusa moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Vaa glavu, osha kisu, watoto wakae mbali. Pingili ya mnyaa ioshe kwa maji mpaka utomvu ukome, ndipo uianike.

Kila mmea una njia yake, na hapa wageni hupoteza muda mwingi. Jani la alovera halioti, linaoza tu. Subiri machipukizi ya pembeni yapate mizizi, uyatenganishe. Sansevieria, ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga, huota kwa kipande cha jani, ila weka alama upande wa chini, maana ukikigeuza hakitoi mizizi. Ile yenye ukingo wa njano, ukiiotesha kwa jani, watoto hutoka kijani kitupu. Kuutunza ukingo huo, gawa shina la chini.

Waridi la jangwani lenyewe napenda kuliotesha kwa mbegu. Pingili hushika, lakini mara nyingi hailei lile tumbo nene la chini linalofanya watu waupende mti huu. Mche wa mbegu huanza kunenepa ungali mdogo. Maganda hutoka mawili mawili. Yafunge kwa uzi yanapokaribia kupasuka, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo utazichukua zote. Panda zikiwa mpya, maana uwezo wa kuota hupungua haraka. Zilaze, zifunike kwa mchanga kidogo tu. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 32 huchomoza ndani ya wiki moja. Juni na Julai usiku wetu ni wa baridi, hivyo mimi hungoja Septemba.

Na hapa kanuni inageuka: mbegu na miche michanga inataka unyevu. Nimeona watu wakiinyima maji kwa kuwa “ni ya jangwani”, ikanyauka yote. Iweke kwenye kivuli chepesi, udongo usikauke kabisa, kisha punguza maji kadiri majani yanavyoongezeka.

Tafadhali usiende kung'oa mimea porini. Mishubiri, jamii ya alovera, imeumizwa sana kwa njia hiyo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986, na mkataba wa CITES unasimamia biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa alovera. Wala huhitaji mimea mingi ya kuanzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na mashamba ya mkonge ya Tanga yalianzia hapo. Omba pingili kwa jirani, umpe mche baadaye.

Mche wa waridi ukinenepa kufikia kidole gumba, uhamishe mwanzoni mwa joto, kabla mvua hazijashika. Mizizi iliyokatika ikate vizuri, uuache mche kivulini siku chache mizizi ikauke. Unapoupanda, uinue kidogo ili sehemu ya juu ya tumbo ionekane. Maji ya kwanza yaje baada ya wiki. Kuanzia hapo, chomeka kijiti kwenye udongo kabla ya kila kumwagilia. Kikitoka na unyevu, ahirisha.