Likizo ya Desemba, Mabuyu na Daftari la Maji

Januari mwaka juzi mwanangu alirudi shuleni akiwa amesahau kuzidisha kwa saba. Na si kwamba hakusomeshwa. Desemba nzima nilimwekea mwalimu wa tuisheni kila alasiri, hapo kibarazani kwetu Kisauni, Mombasa, joto limetukaba. Mtoto anasinzia, mwalimu anajipepea kwa daftari. Baadaye nikaja kuambiwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Hata isingekataza, nilikuwa nimeshakoma.

Likizo iliyofuata nikaapa kufanya vingine. Asubuhi kwenda chuoni kusoma Kurani kama kawaida, hilo sikuligusa. Yaliyobaki nikayapima kwa swali moja: mtoto akikosea hesabu hapa, kuna kitu kitaharibika? Kama hakuna, niliacha.

Tukaanza na mabuyu. Yeye na dadake walinunua ubuyu, sukari, rangi, iliki na vifuko, nami nikasimama karibu na sufuria tu, kwa sababu ya moto. Vilitoka vifuko 42, wakauza shilingi 10 kila kimoja. Wakarukaruka. Nikawaambia waandike gharama zote, wakaandika 390. "Na makaa?" Kimya. Makaa yalikuwa ya 75. Basi wamepata hasara ya shilingi 45, na hiyo hasara sikuwafidia, ingawa moyo uliniuma. Pishi la pili waliandika makaa juu kabisa ya orodha.

Lakini kilichomnasa hasa ni bahari. Kuna mzee jirani yetu, mvuvi, aliyemwambia kuwa maji hayapwi saa ile ile kila siku, husogea. Mtoto hakuamini. Nikamtafutia jedwali la maji kwenye simu, akawa anaandika daftarini kila jioni saa ya maji kupwa, kisha anatoa tofauti na ya jana. Mzee alikuwa amemwambia ni dakika 50. Daftari likasema siku nyingine ni 40, nyingine zimepita saa nzima. Akakimbia kumsuta mzee! Mzee akacheka, akamwambia ajumlishe siku zote kisha agawe. Wastani ukaja pale pale kwenye 50. Mwalimu wa tuisheni alimfundisha wastani siku tatu bila kuingia. Huu uliingia kwa ubishi. Tena akagundua mwenyewe kuwa saa ya maji husogea kidogo siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na husogea sana siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Siku ya bamvua isiyo na chuo tulishuka pwani kwenye saa nne asubuhi, maji yamekwenda mbali, tukaona kaa, viti vya pweza na majongoo bahari. Vaeni viatu, na muangalie saa: maji yakianza kujaa hayangoji mtu amalize kuchora. Na wanyama waacheni pale pale walipo.

Fort Jesus nendeni pia, ila msimpe mtoto kazi chungu nzima. Wangu nilimwambia kitu kimoja: Waomani waliizingira ngome hii tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, nihesabie miezi. Akapata 33. Halafu akauliza, "Sasa waliokuwa ndani walikula nini?" Nikamwachia wenyeji wa makumbusho wamjibu. Mimi miguu ilikuwa imechoka.

Kusoma ndiko kulikonishinda kwa muda, mpaka mamangu alipokuja kukaa nasi. Yeye anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni. Hizi za Kirumi hazijui. Akamtaka mjukuu wake amsomee Taifa Leo kila baada ya magharibi. Wiki ya kwanza mtoto alisoma kama anayebeba mawe. Bibi hana haraka, anauliza, anabishana na mwanasiasa aliyemo gazetini, anataka neno gumu lielezwe. Mara nyingine hawamalizi hata ukurasa mmoja, na mimi siwaingilii.

Siku hizi kijana amekuwa mjanja, akichoka huruka mistari. Bibi humgonga goti kwa ncha ya bakora: "Rudi nyuma, mjukuu wangu. Hapo umeniibia."