Mbwa wangu ana matezi shingoni: nimchome sindano ya kuyapunguza?

Swali: Daktari, shikamoo. Nipo Raskazone, Tanga. Mbwa wangu wa miaka 6 ametokwa na matezi chini ya taya tangu mwezi jana, na sasa nimepapasa mengine nyuma ya magoti. Hayamuumi, na chakula anakula. Jirani anasema ni saratani, ila ipo sindano ya kuyapunguza. Nimpeleke? Na paka wetu hataambukizwa?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Hiyo sindano isubiri. Mara nyingi huwa ni steroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni. Ikiwa ni limfoma kweli, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, matezi yatanywea kwa siku chache na nyumba nzima mtashukuru. Kumbe hapo vipimo vinakuwa vigumu kusomeka, na ugonjwa unaanza kuzoea dawa ambazo zingemsaidia baadaye.

Tena huku kwetu pwani sikimbilii kusema saratani. Homa ya kupe nayo hufurisha tezi mwili mzima. Mfunue mdomo: fizi zimepauka? Amewahi kutoka damu puani? Damu yake ipimwe kwanza, maana homa ya kupe inatibika kwa doksisaiklini ya wiki 4 hivi.

Kama si hiyo, tezi itobolewe kwa sindano nyembamba ile ya kawaida, majimaji yapakwe kwenye kioo na kusomwa kwa darubini. Omba itobolewe ya nyuma ya goti. Ya taya hufura hata kwa jino bovu, hivyo inadanganya. Goti la mbwa mwenye afya ukilipapasa kwa nyuma, tezi huwa ndogo tu. Ukikuta kitu kigumu cha mviringo kama ndimu, kinachoteleza vidoleni bila yeye kushtuka, hapo na mimi napata wasiwasi.

Ikithibitika kuwa ni limfoma, tiba kamili ni dawa za saratani, yaani vinkristini, siklofosfamidi na doksorubisini, pamoja na prednisoloni (nayo ni steroidi), kwa zamu, kwa miezi kadhaa. Mbwa wengi hupata nafuu kubwa, na wengi huishi karibu mwaka mmoja, lakini kupona kabisa ni nadra. Prednisoloni peke yake humpa mwezi mmoja au miwili ya raha. Ukichagua hiyo kwa sababu ya gharama, hujamtupa mbwa wako. Ila ichague baada ya kipimo. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo achome mtaalamu tu. Hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, ni mahali pa kuulizia.

Paka hataambukizwa na mbwa. Limfoma ya paka mara nyingi hukaa tumboni: anakonda, anatapika, anaharisha. Aina yake ya polepole huvumilika kwa vidonge, hata miaka 2 na zaidi.

Mbwa akianza dawa za saratani, mkojo wake usafishwe kwa glavu, na mjamzito asiuguse.