Kabla hujampa mtu laki tatu akuandikie andiko la mkopo

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Singida, nina mashine ndogo ya kukamua alizeti, huu mwaka wa nne. Msimu ukiwa mzuri nakamua mpaka usiku, ila ikifika Desemba alizeti imeisha na mashine inalala mpaka mwezi wa tano. Tatizo langu ni mtaji tu. Nataka mkopo wa milioni 15 ninunue alizeti niweke stoo. Kuna kijana anataka laki tatu, laki mbili aniandikie andiko la biashara na laki moja aniingize kwenye kikundi kinachochukua ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Andiko zuri linakuwaje, na hiyo bei ni sawa?

JIBU: Nzuri dada, pole na kazi. Hiyo laki tatu usiitoe, hata mia usitoe, nitakueleza kwanini ila ngoja kwanza nianze na hayo maneno yako "tatizo langu ni mtaji tu" maana hayo ndo nayasikia kila siku ya Mungu, kwa mwenye mashine ya alizeti, kwa fundi cherehani, kwa mama wa batiki, na nikikaa na mtu lisaa limoja tu na daftari lake (kama analo) mara nyingi tunakuta hela ipo, ila imelala mahali ambapo yeye haioni.

Wewe mwenyewe umesema msimu unakamua mpaka usiku. Sasa hela ya mwezi wa sita na wa saba ilienda wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa. Miaka minne unakamua, na kila Desemba unaanza sifuri, maana yake kuna tundu, na ukimwaga milioni 15 kwenye ndoo yenye tundu itavuja kama zilivyovuja za kwanza, tofauti ni kwamba safari hii kila mwezi kuna mtu anasubiri rejesho.

Nikupe mfano wa mama mmoja hapahapa Singida, mashine kama yako. Aliniambia kila gunia anapata faida elfu kumi na nane. Tukakaa kwenye benchi nje ya mashine tukapiga hesabu ya gunia moja tu. Kanunua 50,000. Usafiri na ushuru 3,000. Umeme 2,500. Kibarua 2,000. Dumu tupu na kitambaa cha kuchujia 3,000. Jumla 60,500. Gunia aliliandika kilo 65, tukalipepeta na kulipima upya likasoma 61, zile nne ni makapi na mchanga aliouziwa kwa bei ya alizeti. Mafuta yakatoka lita 15, akauza kila lita 4,000, ikawa 60,000. Yaani kwenye mafuta anapoteza mia tano! Yale mashudu, mabaki ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, kilo 40 kwa 350 kila kilo ndo yalikuwa 14,000, faida yake yote ya ukweli, 13,500, ilikuwa imekaa kwenye mashudu, na mashudu kwake yalikuwa hela ya mboga na ada za watoto, hayajawahi kuandikwa popote. Alinyamaza muda mrefu, akachukua lile daftari akaanza kurudia hesabu mwenyewe kwa kidole.

Halafu tukafungua ukurasa wa madeni. Mali kauli, yaani mafuta aliyotoa kwa mkopo, kwa wenye maduka, milioni moja na laki tisa, wengine tangu msimu uliopita. Huo nao ni mtaji wake, uko kwenye shelfu za watu.

Kwahiyo kabla ya mkopo fanya haya na yote hayana gharama. Pima kila gunia baada ya kulipepeta, usinunue kwa macho. Mashudu yaandike kama unavyoandika mafuta, na hela ya nyumbani jipangie kiasi maalum kwa wiki, usichote kwenye droo. Mali kauli weka kikomo, duka halijalipa dumu la kwanza lisichukue la pili, najua utaogopa kupoteza wateja lakini mteja asiyelipa ulishampoteza zamani ila mafuta yako bado anayo. Na hiyo miezi mashine imelala usisubiri mpaka uwe na alizeti yako mwenyewe, kuna wakulima wanaoweka magunia ndani wakisubiri bei ipande, tangaza unakamulia watu kwa ujira, wanaleta wanalipa kwa kilo, hapo unafanya kazi bila kununua hata punje. Nimeona watu wanavuka masika kwa ujira tu.

Sikatai kwamba mtaji wa kununua mazao unahitajika. Alizeti inavunwa mara moja kwa mwaka na wote mnakimbilia magunia yaleyale wakati mmoja, asiye na hela mwezi wa sita anaumia, hilo ni kweli kabisa. Lakini kuweka stoo ni kucheza na bei. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, aliyeshikilia mzigo wa mkopo aliona cha moto, wa hela yake mwenyewe alipunguza tu mwendo. Ukishajua faida yako ya gunia moja ndo utajua unahitaji milioni 15 au milioni 4, na nakuapia wengi inashuka.

Sasa huyo kijana. Mikopo ya asilimia 10 ni hela ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, anakaa hapohapo ofisi ya kata, kukusikiliza na kukuelekeza ni kazi anayolipwa mshahara. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 ikarudi 2024, na moja ya vitu vilivyoiharibu ni vikundi hewa, vikundi vya majina ya watu wasiojuana. Huyo anayetaka laki moja "akuingize" ndo fundi wa vikundi hivyo. Ukishaweka sahihi deni la kikundi ni lako pia, wenzako usiowajua wakipotea na hela wewe mwenye mashine inayoonekana barabarani ndo utafuatwa. Kama una wanawake wenzako mnaofahamiana, mnaofanya kazi moja, anzisheni chenu.

Na hilo andiko la laki mbili, dada yangu, nimeshayaona mengi mno. Ni lilelile, wanabadilisha jina na mkoa. Juzi nimeletewa la mtu wa alizeti, ukurasa wa saba kumeandikwa idadi ya vifaranga na chanjo, mwandishi kasahau kufuta la kuku. Afisa mikopo hasomi kurasa 30 za kunakili, anakuja kuangalia mashine inazunguka, anaomba stetimenti ya simu au benki aone hela inaingia lini na inatoka lini, TIN, leseni, halafu anakuuliza gunia moja linakupa nini. Hapo andiko halikusaidii kujibu, daftari ndo linajibu. Ukiwa nalo, andiko ni kurasa tatu na unaandika mwenyewe kwa Kiswahili chako. Ukikwama nenda SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo toka 1973 na kila mkoa wana ofisi, kufundisha wajasiriamali ndo kazi yao, na barua yao ya utambulisho ndo inakusaidia TBS, shirika la viwango, wakuhudumie kama mjasiriamali mdogo, maana huko nako vishoka, matapeli wanaojifanya maafisa, wamejaa, wanakuchapia lebo yenye alama ya ubora na mafuta hayajapimwa hata siku moja. Hiyo ni jinai na lebo ina jina lako, la kishoka halipo.

Nawaambia na wengine mnaosoma, andiko likikwama watu wanakimbilia kausha damu, mikopo ya riba kubwa ya kunyonya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zinazofanya kazi bila kibali, na hapo hatujagusa wale wenye meza na daftari mitaani. Anayekukopesha akuonyeshe leseni yake, jina la kwenye leseni lifanane na la kwenye mkataba, na kiasi chote unachorejesha kiwe kimeandikwa kwa namba na kwa maneno kabla hujashika kalamu. Nimeshika mkataba mmoja kwa mikono yangu, nafasi ya kiasi iko wazi, sahihi ya mkopaji tayari, na sehemu ya dhamana wameandika "mashine na vifaa vyote". Ukikuta wa namna hiyo urudishe mezani, uondoke.