Vitabu 31 nilivyolipia vimeenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Binti yangu aliyeko Leeds aliniachia kifaa cha kusomea vitabu, na kwa miaka minne nimekuwa nikimtumia hela naye ananinunulia vitabu kwa akaunti yake. Mwaka huu alibadilisha barua pepe, akaniambia akaunti ya zamani ameifunga. Vitabu viliendelea kufunguka (Wi-Fi huwa siwashi), kwa hiyo sikujali. Wiki iliyopita kifaa kiliganda, kijana wa jirani akakirudisha kwenye hali ya kiwandani. Kimewaka kitupu. Vilikuwa vitabu 31, vyote nimelipia. Vitarudi? — Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Huenda vikarudi, ila kwanza tujue binti alifunga nini hasa. Wengi wanaosema "nimefunga akaunti" wameacha tu kuitumia. Ajaribu kuingia kwa barua pepe ile ya zamani. Ikikubali, sajili kifaa chako upya kwenye akaunti hiyo na vitabu utavishusha tena bila kulipa. Kama aliifunga kweli, atafute risiti na awaandikie huduma kwa wateja leo hii, si kesho. Hapo siwezi kukuahidi kitu, maana maduka mengi huandika wazi kwamba akaunti ikifungwa, vilivyonunuliwa navyo vimekwenda.

Najua unajiuliza: mbona vilikuwa vinafunguka? Faili ya kitabu cha namna hii huwa imefungwa kwa kufuli la kidijitali, na ufunguo wake hukabidhiwa kifaa kilichosajiliwa. Ufunguo ulikuwa umekaa ndani ya kifaa chako, na kwa kuwa hukuwasha Wi-Fi, duka halikupata nafasi ya kukiambia kwamba akaunti haipo tena. Kijana alipofuta, faili na ufunguo viliondoka pamoja. Hata kama ungekuwa umenakili faili zile kwenye flashi, kifaa kingine kisingezifungua.

Ulicholipia, Mwalimu, ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa yenyewe iliandikwa kwa jina la binti. Duka linaweka kitufe cha "nunua" huku masharti yake yanasema "leseni". Jimbo la California limeshachoka na mchezo huo: tangu Januari 2025 sheria yake inawataka wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni. Na ruhusa huondolewa. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikaacha kufunguka. Nako pesa zilirudishwa, lakini ukishaandika maelezo yako pembeni mwa kurasa, pesa inakurudishia nini?

Hukuniambia kifaa ni cha chapa gani. Kama ni Kindle, zamani ungeweza kushusha faili ya kitabu ulichonunua hadi kwenye kompyuta. Mlango huo ulifungwa tarehe 26 Februari 2025. Kobo, duka jingine la vitabu vya namna hii, bado wanakupa faili, ila angalia unachokihifadhi. Mama mmoja aliniletea flashi yenye "vitabu" 12. Nikazitazama: kila faili inaishia na .acsm, na zote 12 kwa pamoja hazifikii uzito wa picha moja ya simu. Ile ni kama hati ya kwendea stoo kuchukua mzigo. Kitabu chenyewe huja ukiifungua kwa programu ya Adobe Digital Editions. Alikuwa ametunza hati, mzigo hakuwahi kuuchukua.

Kuanzia sasa, kabla ya kulipa tafuta kwenye ukurasa wa kitabu maneno yanayosema kimeuzwa bila kufuli. Wapo wachapishaji wanaofanya hivyo. Tor wa Marekani waliondoa kufuli mwaka 2012. Ukipata EPUB (aina ya faili ya kitabu) isiyo na kufuli, iweke kwenye kompyuta na kwenye flashi, na upange maktaba yako kwa Calibre, programu ya bure. Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa waya, lakini Calibre huigeuza kuwa AZW3, aina ya faili ambayo Kindle inaifungua, kwa dakika moja. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na wajukuu watapata hadithi za Kiswahili kwenye tovuti ya African Storybook. Zile PDF zinazozunguka WhatsApp sizihesabu. Mwandishi hajaona hata senti. Wengine huniletea vitabu niwavunjie kufuli. Sifanyi, sheria za nchi nyingi zinakataza. Kitabu unachokipenda mno, kama bado kipo cha karatasi, mimi ningenunua cha karatasi.

Kifaa kikiganda tena, msikimbilie kufuta. Kwenye Kindle, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40, kitazima na kuwaka chenyewe na vitabu vyake. Sasa mpigie binti, mwambie afungue ile barua pepe ya zamani na atafute risiti ya kitabu cha kwanza kabisa alichokununulia. Akiipata, niandikie tena.