Breki ya ngoma ya pikipiki kuukuu: pima kabla ya kukereza

Ndugu yangu, umeuliza iwapo ngoma ya breki ya nyuma ya Honda ya marehemu baba yako, iliyoota kutu kwa hewa ya chumvi hapa Malindi, ikerezwe (yaani ichongwe kwa mashine inayoizungusha) au itupwe. Usiitupe kabla ya kuipima. Pima kipenyo cha ndani sehemu kadhaa, kwani ngoma ikiwa imepoteza uduara utahisi pedali ikidundadunda. Kisha linganisha na kikomo, yaani kipenyo kikubwa kabisa kinachoruhusiwa, kilichochapwa kwenye ngoma au kitovu, ambacho kwa ngoma ya milimita 110 kwa kawaida ni 111. Kutu ya juujuu huondoka kwa msasa. Mikwaruzo yenye kina yahitaji fundi mwenye kerezo, naye aikereze gurudumu likiwa limeshafungwa spoki na kukazwa, kwa sababu mkazo wa spoki huweza kuipinda ngoma.

Nakusihi usipulize vumbi la ndani: bitana za viatu vya breki vya zamani, yaani tabaka linalosugua ngoma, nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kikiwa bado kibichi. Bitana zilizolowa mafuta zibadilishwe. Kuzichoma hakuzirudishii mshiko wake.